Pikapu Iliyopona Kila Ilipofika kwa Fundi

Kabla ya kugusa boneti ya gari lolote, Fundi Edrine alinusa kwanza. Alizunguka hadi ubavuni, akafungua kifuniko cha tangi, akainamisha pua yake pana, akafumba macho kama mtu anayeonjeshwa mchuzi, kisha akatoa hukumu.

"Hii iko na mafuta ya taa ndani."

Au: "Hii iko na maji. Ulinunua ya chupa kando ya barabara, si ndiyo?"

Mwenye gari alitazama chini, maana petroli ilipoadimika Juba nzima ilinunua ya chupa kando ya barabara. Pua ile haikukosea, nayo ndiyo iliyompa jina. Kuanzia mtaa wa Juba Na Bari mpaka soko la Konyo Konyo, ukiuliza Edrine yuko wapi watu walikukodolea macho, lakini ukisema "Fundi Pua" hata mtoto alikuonyesha njia: kontena la buluu karibu na mto, ubavuni mwa Marino mchomelea vyuma, pale ambapo jenereta hunguruma kutwa.

Alitoka Katwe, Kampala, mwaka 2011, wiki chache kabla ya bendera mpya ya Sudan Kusini kupandishwa. Alikuja na sanduku la spana, godoro lililokunjwa, na mpango wa kukaa miezi sita tu. Nani asingekuja? Mji ulikuwa unachipuka kama uyoga, magari yaliingia kutoka kila mpaka, na mafundi walikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Siku ya uhuru alicheza na watu asiowajua mpaka kiatu kikaachana na soli yake. Miezi sita ikawa miaka mitano. Mkewe Aidah alibaki Masaka na watoto, naye Edrine akawa baba wa kwenye simu, anayejua alama za mitihani lakini hajui nani ameota jino.

Kule Katwe alijifunza ufundi kwenye kabureta, kitu unachokishika mkononi, unakifungua, unakipuliza, kinakuelewa. Juba ikamletea pikapu ambazo ni kuukuu lakini petroli yake hunyunyizwa na injekta, na kuna kijisanduku cha kompyuta kilichojificha chini ya dashibodi kikitoa amri. Mwanzoni aliziogopa. Kisha dereva mmoja wa malori akamfundisha siri: kata kipande cha waya, unganisha matundu mawili ya soketi iliyo chini ya boneti, washa swichi bila kuwasha injini, halafu kaa uitazame taa ya injini. Itakukonyeza. Unahesabu makonyezo hayo, na hesabu inakuambia ni kiungo gani kinaugua. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, maana yake inasema: mimi mzima, sina neno. Edrine alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Gari linalosema kwa jicho!

Ila jicho hilo halioni kila kitu.

Pikapu iliyomfundisha hivyo ilikuwa nyeupe, ya Athok. Mwanamke huyo alilelewa Nakuru, Kenya, enzi za vita vya zamani, akarudi na mama yake baada ya uhuru, akaanza kuleta samaki kutoka Rejaf hadi sokoni. Kwenye kioo cha mbele alibandika bendera ndogo ya mwaka ule wa 2011. Jua lilikuwa limeipausha mpaka nyekundu yake ikawa ya waridi, lakini hakuibandua.

Mwezi wa sita wa mwaka 2016 wezi walinyonya petroli ya Athok akiwa kanisani, wakaondoka hata na kifuniko cha tangi. Akaja kwa Edrine na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba mahali pa kifuniko.

"Fundi, nitaendaje hivi? Nikipita, mji mzima unanusa petroli."

Edrine alikata kizibo kutoka kwenye tairi la lori, akakivisha mpira wa tyubu tabaka mbili, akakaza kwa waya. Kukifungua kulitaka mikono miwili, goti, na ghadhabu kidogo. Athok hakukiweza, kwa hiyo tangu siku hiyo alikuja na madumu yake kujaziwa palepale kwenye kontena. Edrine alijisifu wiki nzima.

"Hata mwizi mwenye pua kama yangu atapita tu, hasikii kitu. Hata mbu haingii."

"Ya zol, ndugu yangu," Marino alimwambia akiinua miwani yake ya kuchomelea, "umetengeneza kifuniko ama umetengeneza kaburi?"

Muda si mrefu pikapu ikaanza kulegea njiani. Kwa kuwa ndio mwezi ule petroli ilipoadimika, kila mtu aliilaumu petroli. Halafu ukaja mwezi wa saba. Uhuru ulikuwa ndiyo kwanza unatimiza miaka mitano, na bunduki zikalia mjini siku baada ya siku. Mama yake Athok, Mama Aluel, alikimbia na majirani kuelekea ukuta wa kanisa, akaanguka mtaroni, akavunjika nyonga. Risasi ziliponyamaza daktari alimpima, akasema mfupa ule unataka kuungwa kwa vyuma, na vyuma viko ng'ambo ya mpaka, Uganda. Uwanja wa ndege ulifunguliwa tena, lakini ndege zilijaa wageni waliokuwa wakiondoka. Malori yalikuwepo, ila mtu aliyevunjika nyonga hapandi lori. Alichoweza ni kukaa kwenye kiti cha mbele cha pikapu ya bintiye, kiti kimelazwa nyuma, mito pande zote.

Barabara ya Nimule, mji wa mpakani, nayo haikuwa ya kupita peke yako. Watu walivamiwa huko. Palitangazwa msafara wenye askari, Alhamisi asubuhi, kuanzia ng'ambo ya daraja. Sharti lilikuwa moja: msafara hausimami. Gari likizima linaachwa, na waliomo ndani nao.

Ndiyo maana Jumanne Athok aliposhuka kwenye pikapu yake mbele ya kontena la buluu hakusalimu.

"Fundi, hii gari inanicheza. Jumamosi umenijazia hapa mpaka juu. Sijamaliza kilomita kumi, ikaanza kulegea. Nakanyaga, haiendi. Ikakohoa, ikazima. Nikakaa kando nusu saa nikiomba Mungu, halafu ikawaka kama hakuna kitu. Alhamisi mathe atakuwa ndani!"

Mama Aluel mwenyewe alikuwemo kwenye kiti cha mbele, kwa kuwa hakutaka kuachwa nyumbani. Alikuwa mwembamba, mrefu hata akiwa amelala, na maumivu aliyaficha kwa kutafuna kijiti cha mswaki.

Edrine alikuwa ameshabadilisha plagi zote. Alishabadilisha chujio la petroli. Alishafungua injekta moja moja akaziosha, akaitoa pampu akaipima. Leo akaanza upya, kwa utaratibu wake uleule. Akaenda ubavuni, akaweka goti, akapinda kizibo, akakitoa. Jenereta la Marino lilikuwa likinguruma pembeni kama kawaida. Akanusa.

"Petroli iko safi."

Akaunganisha waya. Taa ikakonyeza mfululizo, bila kupumzika: mimi mzima, sina neno. Akawasha injini, ikaimba. Akakanyaga mafuta, ikapaza sauti bila kukohoa hata mara moja. Akazunguka nayo mpaka kando ya mto na kurudi. Ilikimbia kama swala.

"Ona!" Athok alipiga mlango kiganja. "Ikifika kwako inakuwa malaika. Ukiipa kisogo, shetani!"

"Fundi Pua," Marino aliingilia, "hii gari inakupenda wewe. Ioe, kelas, yaishe, twende tukale harusi."

Edrine hakucheka. Aidah alimpigia simu kila siku tangu bunduki zilipolia, akisema rudi, wenzako wote wamerudi, unamngoja nani huko? Naye alimjibu jibu moja: nimalize hii gari moja. Sasa gari hilo moja lilikuwa mbele yake, zima kabisa, na alijua kwamba si zima.

Mama Aluel alitoa kijiti mdomoni. "Kijana wangu, nikiwa Nakuru mtoto wangu mmoja alikuwa na kifafa. Tukifika kwa daktari, mtoto anacheka. Tukirudi nyumbani, anaanguka. Unajua daktari alifanya nini?"

"Hapana, mama."

"Alikuja kulala kwetu."

Basi Jumatano asubuhi Edrine na Athok walipakia magunia ya mchanga, uzito wa watu sita hivi, wakaelekea Rejaf. Kwenye kizuizi askari mmoja alichungulia nyuma, akashika gunia, akatia kidole.

"Nini hii?"

"Mchanga," alisema Athok.

"Mnapeleka mchanga Rejaf?" Askari alimwita mwenzake aje kuona. "Rejaf! Mto mzima ni mchanga! Hawa watu wameona vita mpaka akili imeruka." Wakafunguliwa njia kwa vicheko, na hata Athok, ambaye hakuwa ametabasamu tangu Jumamosi, alijifuta macho kwa mgongo wa mkono.

Kilomita ya sita hakuna kitu. Ya saba hakuna kitu. Edrine alikaa na mkono juu ya dashibodi kama mganga juu ya tumbo la mgonjwa. Ya nane, pale njia inapoanza kupanda, na kile kilima cha Rejaf chenye umbo la pia kinaonekana mbele, akauhisi mtetemo umebadilika. Sauti ya injini ikawa nyembamba.

"Ndiyo hiyo!" alisema Athok kwenye usukani. "Nakanyaga, ona mguu wangu, nimekanyaga mpaka chini!"

"Usiache. Kanyaga tu."

Pikapu ikajikongoja, ikakohoa mara mbili, ikazima. Wakasimama katikati ya mwinuko, Athok amekaza breki ya mkono kwa mikono yote miwili.

Kukawa kimya. Si kimya cha Juba, ambacho ndani yake daima kuna jenereta, redio na pikipiki. Mashamba yalikuwa matupu kwa sababu wenyewe walikuwa wamekimbia. Hata mbwa hakubweka.

Edrine alishuka. Kwa mazoea, bila kufikiri, miguu ilimpeleka kwenye tangi akanuse. Akaweka goti, akashika kizibo, akapinda. Kizibo kilikataa. Akapinda tena kwa nguvu, kikaachia.

Fyuuuuu.

Edrine alibaki ameinama. Sauti ile haikutoka tangini. Ilikuwa ikiingia. Tangi lilikuwa likivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyezamishwa majini akaachiwa. Akakigeuza kizibo mkononi: mpira wa tyubu ulikuwa umebonyea kwa ndani kama shavu la bibi asiye na meno.

Mara moja alielewa, na alitamani asingeelewa. Petroli ikitoka tangini kwenda kwenye injini, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Bomba dogo la kupumulia la pikapu hii liliziba zamani. Aliwahi kuliona, akalipuuza, kwa sababu kifuniko cha zamani kilikuwa na kijitundu chake. Kisha yeye, kwa mikono yake, akakata kizibo ambacho hata mbu haingii. Pampu ikawa inavuta na tangi linavuta kurudi, mpaka pampu inashindwa. Gari likipumzishwa, hewa ilipenya polepole pembezoni mwa mpira, ndiyo maana liliwaka tena. Na tangi likijazwa hadi juu hubaki na hewa kidogo sana, kwa hiyo huishiwa pumzi mapema zaidi. Halafu kila Athok alipokuja kulalamika, jambo la kwanza alilolifanya Fundi Pua ni kufungua na kunusa. Alikuwa akiiponya pikapu kabla hajaanza kuipima, na jenereta la Marino lilikuwa likimzibia masikio asisikie sauti ya uponyaji wenyewe.

"Ni nini?" Athok aliuliza kutoka kwenye usukani. "Edrine? Umeona kitu?"

Jibu rahisi lilikuwa tayari mdomoni: uchafu kwenye petroli, madam, nimeutoa. Angetoboa kizibo kimyakimya kwa msumari, na jina lake lingebaki safi kutoka Juba Na Bari hadi Konyo Konyo. Lakini je, kama amekosea? Amekuwa akikosea wiki zote hizi. Njia ya kuhakikisha ilikuwa moja tu: kufunga tena, kuendesha mpaka ife tena, kisha kufungua. Na hilo huwezi kumfanyisha mtu, mahali kama pale, bila kumwambia ni kwa nini.

Alikwenda dirishani na kizibo mkononi.

"Madam Athok. Mimi ndiye nilinyonga hii gari."

Akamweleza. Athok alisikiliza mpaka mwisho, akakitazama kizibo, akamtazama yeye.

"Wiki ngapi, Edrine? Nimelala njiani na samaki wakaoza. Nimepigwa na jua. Nimekuwa nikimdanganya mathe kwamba tutafika. Na ilikuwa hii? Hii soli ya ndala?"

"Ndiyo."

"Na unajiita fundi."

"Ndiyo... sijui." Alikiinua kizibo. "Unikasirikie, iko sawa. Lakini saa hii mimi iko na wazo tu, sina hakika. Nataka tufunge tena, twende mpaka ife. Ikifa, nikifungua ikapona, tutajua. Mama asiende na wazo. Aende na hakika."

Athok aligonga usukani kwa vidole. Kisha akasema, "Funga."

Walienda, wakapita Rejaf, wakageuza. Kwenye kilomita ya saba tangu kufunga ikalegea, ikakohoa, ikazima. Edrine akapinda kizibo. Fyuuuuu. Athok akapiga swichi, na pikapu ikawaka kabla hajaondoa mkono. Hapo Edrine akasogea mbali na tangi, akapasha msumari moto kwa kiberiti, akautia katikati ya mpira, ukapenya mpaka upande wa pili. Safari hii walienda wakarudi, wakaenda tena, magunia yakiwa nyuma, mchana ukawakuta barabarani, na yule askari wa kizuizini alipowaona mara ya nne akaacha hata kuuliza. Pikapu haikuzima.

"Itanuka petroli kidogo," alisema Edrine.

"Acha inuke."

Alhamisi, ng'ambo ya daraja, magari yalipangwa mstari mmoja, askari mbele na nyuma. Mama Aluel alikuwa amelazwa kwenye kiti chake kati ya mito. Edrine alikuja kuwaaga, ameshika kofia.

"Kuaga nini?" Athok alimwambia. "Panda nyuma. Aliyeninyonga ndiye atakayenishika mkono mpaka Nimule."

Naye, kama aliyekuwa akingoja kuambiwa, alipanda. Alikaa juu ya mabegi upande wa tangi, kiganja chake kikiwa karibu na kizibo, na kwa kilomita mia moja na tisini hakuondoa sikio. Gari dogo moja lilizima mahali fulani katikati ya safari. Msafara ulilipita, na watu wake waliruka wakapakiwa juujuu kwenye lori lililofuata huku gari lao likibaki na milango wazi. Edrine aliweka kidole karibu na tundu lake la msumari, akahisi hewa ikiingia, nyembamba, isiyokatika.

Jioni kabla jua halijatua walifika Nimule. Athok alizima injini mwenyewe, kwa ufunguo, akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Kileteni hicho kitu nikione," alisema Mama Aluel.

Edrine akampa kizibo. Bibi alikigeuza, akakiinua kwenye mwanga, akachungulia tundu kwa jicho moja.

"Hili tu?"

"Hili tu, mama."

"Nimeomba malaika wote," alisema, "kumbe ningeomba msumari." Akacheka mpaka nyonga ikamuuma, akashika ubavu, akaendelea kucheka, na Athok naye akaanza, uso ungali kwenye usukani.

Bibi aliungwa mfupa Kampala. Edrine alikaa Masaka miezi miwili, akajua nani ameota jino na la nani limeng'oka. Aidah alimwomba asirudi, naye akaahidi kufikiri, akafikiri, akarudi. Kontena la buluu alilikuta limechunwa bati la juu, lakini Marino alikuwa amemhifadhia spana zote chini ya kitanda chake.

Bado hunusa. Ila siku hizi, gari likiingia, huweka goti ubavuni, hushika kifuniko cha tangi, halafu kabla hajakipinda hugeuka na kupaza sauti:

"Marino! Zima!"

Na Marino huzima jenereta, huku akilalamika, na wote wawili husimama kimya wakisikiliza.